Kitenzi "Compile": Maana, Asili na Tafsiri Yake

Utangulizi

Katika masomo yako utakutana mara nyingi na kitenzi cha Kiingereza "compile". Watahiniwa wengi hukitafsiri kwa neno moja tu: kukusanya. Jibu hilo lina upungufu, kwani linaeleza nusu ya kazi. Ukiijua asili ya neno hili, nusu ya pili hutaisahau.

1. Maana

"Compile" ni kukusanya habari, takwimu au maandishi kutoka sehemu mbalimbali na kuyapanga yawe kitu kimoja. Zingatia kuwa hapa kuna hatua mbili: kukusanya na kupanga.

Mfano: mwalimu wa darasa hupokea alama kutoka kwa walimu wa masomo yote. Karatasi zikiwa bado zimerundikana mezani, amekusanya tu. Akishazipanga kwa majina, akajumlisha na kuandika ripoti ya muhula, hapo ndipo kitenzi hiki kinapomstahili.

2. Asili

Kitenzi hiki kiliingia katika Kiingereza kwenye karne ya 14 kupitia Kifaransa. Kifaransa nacho kilikitoa katika Kilatini, "compilare", ambako maana yake ilikuwa kupora. Mshairi wa Roma, Horace, alifunga shairi lake moja kwa kusema kuwa anaishia hapo, watu wasije wakadhani amepora sanduku la vitabu la mwandishi mwingine. Kitenzi alichotumia ni hicho hicho.

Katika karne ya 7, Isidore, askofu wa Seville huko Hispania, alieleza kuwa mtu wa kazi hii huchanganya maneno ya wengine na yake, kama mtengeneza rangi anavyosaga vitu mbalimbali katika kinu kimoja. Akaongeza kisa cha mshairi Virgil, aliyelaumiwa kwa kuchukua mistari ya Homer. Virgil alijibu kuwa kumnyang'anya Hercules rungu mkononi kunahitaji nguvu nyingi.

Polepole neno likapoteza ubaya wake. Mwaka 1391 Chaucer, mwandishi wa Kiingereza, alimwandikia mwanawe mdogo kitabu kuhusu chombo cha kupimia nyota. Alikiri wazi kwamba yeye ni mkusanyaji tu wa kazi za wanajimu wa kale. Hakuona aibu, kwa sababu hakuficha alikochukua.

3. Tafsiri katika Kiswahili

Kiswahili hakina neno moja linalofaa kila mahali. Tazama kinachokusanywa, kisha uchague:

(a) Kamusi: kutunga kamusi.
(b) Ripoti: kuandaa ripoti.
(c) Majina: kuorodhesha majina.
(d) Data: kukusanya na kupanga data.

Chunguza neno "tunga". Shanga hutungwa katika uzi. Samaki hutungwa katika ukambaa. Vitu vilikuwapo tayari, bali mtungaji ndiye aliyeamua kipi kitangulie na kipi kifuate. Kwa hiyo "kutunga kamusi" kunabeba hatua zote mbili tulizozitaja.

Katika kompyuta, neno hili lilianza kutumika baada ya Grace Hopper wa Marekani kuunda, mwaka 1952, programu iliyokusanya vipande vya maagizo yaliyokwisha kuandikwa na kuviunganisha. Siku hizi, katika fani hiyo, hutumika kwa kugeuza maagizo aliyoandika mtu yawe katika lugha ya mashine.

4. Funzo kwa mtahiniwa

Kupora na kukusanya kulianza na neno moja, na hadi leo mpaka wake ni mwembamba. Unapoandika ufupisho, ukinakili sentensi za kifungu kama zilivyo, umepora. Ukichagua hoja kuu, ukazipanga na kuzieleza kwa maneno yako, umefanya kazi inayostahili alama. Vivyo hivyo unapokusanya methali au ngano kijijini: andika nani alikusimulia, wapi na lini.

Angalizo: Kubadili neno moja moja katika sentensi ya mwenzako hakuifanyi kuwa yako.

Maswali ya kujipima

1. Taja hatua mbili zinazobebwa na kitenzi "compile", na utoe mfano wa kila moja.
2. Eleza jinsi maana ya kitenzi hiki ilivyobadilika tangu Kilatini hadi Kiingereza.
3. "Mtunga kamusi si mwizi wa maneno." Jadili kauli hii kwa hoja tatu.

Dokezo la swali la 3: fikiria maneno ni mali ya nani, mpangilio ni kazi ya nani, na kwa nini kutaja chanzo ni muhimu.