UFUNDI SI WA WAZEE WALA WA WANAUME PEKE YAO



Ukitembea kambini asubuhi utakuta seremala, mwashi, fundi baiskeli na fundi viatu wakiwa kazini. Tazama umri wao. Wengi ni wazee waliojifunza kazi nyumbani, kabla ya vita kututawanya. Kando ya njia utakuta vijana waliomaliza shule, au walioiacha, wameketi bila shughuli. Wazee wanalalamika kwamba vijana wa leo hawapendi kazi ya mikono. Vijana wanajibu kwamba wazee hawataki kufundisha. Mabinti hawaulizwi kitu. Wakipata nafasi ya kujifunza, wanaonyeshwa cherehani, basi.

Makala haya yanaeleza kwa nini vijana na wanawake ni wachache katika ufundi, na jinsi sisi wenyewe tunavyoweza kuwafungulia mlango.

KWA NINI JAMBO HILI LINATUHUSU SOTE

Kwanza, fundi mzee akirudi kwao, akihamishiwa nchi nyingine au akifariki, ujuzi wake unaondoka naye. Kama hakuacha mtu, mlango ukivunjika tutamtafuta nani?

Pili, kambini kuna kazi nyingi za ufundi: nyumba, vyoo, madarasa, mabomba ya maji. Pasipo mafundi wa kutosha miongoni mwetu, kazi hizo hufanywa na watu wa nje, na malipo yake huondoka nao.

Tatu, siku ya kurudi nyumbani itakuja. Wengi wetu tumeacha nyumba zilizochomwa au kubomolewa. Mtu anaweza kuporwa mbuzi, godoro na pesa njiani, lakini hakuna anayeweza kumpora ujuzi wa kujenga ukuta.

URITHI ULIOKATIKA

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake, mtoto wa fundi hata asipofua chuma mwenyewe, atavuta mivukuto akimsaidia babake. Hivyo ndivyo ufundi ulivyopitishwa zamani: kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, au kwa mjomba kwenda kwa mpwa, ndani ya ukoo mmoja.

Njia hiyo ilifaa wakati ukoo ulikaa pamoja. Vita vimeikata. Kambini yupo fundi ambaye watoto wake hajui walipo, na yupo kijana ambaye babake alikuwa seremala hodari lakini hakuwahi kumfundisha hata kushika randa. Tukingoja kila fundi amfundishe mwanawe mwenyewe, kazi zitakufa. Hatuna budi kufundisha watoto wa wengine, wa kiume na wa kike, wa kabila letu na wa kabila jingine.

MFANO WA BUYENZI

Anayeingia Buyenzi, mjini Bujumbura, ataona faida ya wageni wenye ujuzi. Mtaa huo ulianza wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji ukiitwa Usumbura, na wakazi wake wengi walikuwa Waswahili waliotoka pande za Kongo, Tanganyika na kwingineko. Hadi leo Kiswahili ndiyo lugha ya njiani huko, na Buyenzi inajulikana mji mzima kwa gereji zake. Gari likiharibika, watu husema lipelekwe Buyenzi. Kando ya barabara zake zenye namba utaona mmoja amefungua injini, mwingine ananyoosha bati lililopondeka, mwingine anapaka rangi.

Nilipopita huko niliwatazama waliolala chini ya magari. Wengi walikuwa vijana. Walianza kwa kumpokeza fundi spana, wakajua majina ya spana, kisha wakajua kazi ya kila spana. Lakini katika gereji nilizopita sikuona binti hata mmoja. Kwa hiyo Buyenzi inatufundisha mambo mawili: kijana akikubaliwa kazini hujifunza, na mlango unaofunguka kwa kaka unaweza kubaki umefungwa kwa dada.

MAMBO YANAYOWAZUIA VIJANA

1. Dharau. Wazazi wengi huona ufundi ni wa walioshindwa shule. Hilo si kweli. Mwashi akitaka pembe ya nyumba ikae sawa, hupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha hupima mshazari. Ukiwa mita 5 kamili, pembe imenyooka. Hiyo ni hesabu ya sekondari, inafanywa kwa kamba na vigingi. Fundi umeme wa jua naye lazima ajue kugawanya: taa ya wati 6 kwenye betri ya volti 12 hutumia nusu ampea, na asipojua hivyo betri itazimika usiku wa manane. Kijana aliyesoma hapotezi masomo yake akiwa fundi. Ndipo anapoyatumia.

2. Uanagenzi usio na mwisho. Hili ndilo vijana wengi wanalolitaja. Mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi kwa fundi, hufagia, huchota maji, hutumwa sokoni, na mwaka unapita bila kushika msumeno. Fundi anahofu kwamba akimfundisha haraka atamnyang'anya wateja. Kijana naye ana mama na wadogo wanaomtegemea. Hawezi kufagia miaka mitatu bila senti moja. Anaondoka, na mzee anasema, mnaona, vijana ni wavivu.

3. Vifaa. Aliyemaliza kujifunza bila kuwa na vifaa hubaki kibarua wa mwenye vifaa.

4. Karatasi. Asiye na cheti haaminiwi mahali asipojulikana, hata kama mikono yake ni mizuri.

MABINTI NA AKINA MAMA

Hatudharau ushonaji. Umelisha familia nyingi. Lakini tukiwapeleka mabinti wote kwenye cherehani, watagawana wateja wale wale wachache, na bei ya kushona itashuka mpaka haimlipi yeyote. Wakati huo huo taa za jua zinaharibika, simu zinaharibika, kuta zinapasuka, na mafundi hawatoshi.

Wako wanaosema kazi hizo hazimfai mwanamke. Tutazame Unguja. Katika kijiji cha Kinyasini kuna chuo cha Barefoot kilichofunguliwa mwaka 2015. Huwafundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza umeme wa jua, na wengi wao ni akina mama, hata mabibi, ambao hawakupata shule ya kutosha. Mafunzo huchukua miezi michache. Asiyesoma hufundishwa kwa rangi za nyaya, kwa alama, na kwa kurudia kazi ile ile kwa mikono yake mpaka aizoee. Utaratibu huu ulitoka India, kijijini Tilonia, kwenye chuo kilichoanzishwa mwaka 1972. Mama akirudi kijijini hufunga taa katika nyumba za jirani, na zikiharibika ndiye anayeitwa. Walichagua akina mama kwa sababu nzuri: kijana akipata ujuzi mara nyingi hukimbilia mjini, lakini mama hukaa na kijiji chake.

Hata hivyo kumwambia binti karibu hakutoshi. Saa za kujifunza zikigongana na saa za kuchota maji, hatakuja. Asipokuwa na wa kumwachia mtoto, hatakuja. Pasipokuwa na choo, au kazi ikiisha giza limeingia, mzazi wake atamkataza, na ana haki. Ni vizuri pia wasichana waanze wawili au watatu pamoja, asiwe mmoja peke yake kati ya wanaume kumi.

WENYE ULEMAVU, NA WALE WASIO WA UKOO WETU

Asiyeweza kusimama anaweza kutengeneza redio, simu, viatu na saa, au kushona. Mara nyingi kinachotakiwa ni meza ya kimo chake na njia isiyo na ngazi. Asiyesikia hujifunza kwa macho, na ufundi mwingi hufundishwa kwa macho.

Kuhusu kabila, Bujumbura kuna mfano mwingine. Kituo cha vijana cha Kamenge, kilicho upande wa kaskazini wa mji, kilianza kabla ya vita vya 1993. Katika miaka ambayo mitaa ya mji iligawanyika, kituo hicho kiliendelea kuwakutanisha vijana Wahutu na Watutsi kwa michezo, masomo na kazi za pamoja. Mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Watu wawili wakishika ubao mmoja, mmoja huku na mwingine kule, lazima wasikilizane, ama sivyo ubao utaanguka.

MAPATANO KABLA YA KUANZA

Ugomvi mwingi kati ya fundi na mwanagenzi hutokea kwa sababu hawakupatana mwanzoni. Tunashauri yafuatayo yaandikwe kwenye karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake:

1. Muda: mafunzo yataanza lini na yatakwisha lini.
2. Kazi zitakazofundishwa, na kwa mpangilio gani. Kwa mfano, useremala: kujua vifaa na kuvinoa, kupima na kukata, kuunganisha, kutengeneza kigoda, kisha mlango.
3. Malipo: miezi ya kwanza walau chakula cha mchana, akianza kutoa kazi inayouzwa, apate sehemu yake.
4. Vifaa: nani ananunua, na akiharibu kifaa itakuwaje.
5. Siku na saa za kazi.
6. Usalama: miwani kwa anayechomelea vyuma, viatu vilivyofunika vidole, na kuzima umeme kabla ya kugusa waya.
7. Mashahidi wawili, mmoja upande wa kila mtu.

Mapatano haya yanamlinda fundi pia. Kijana akijua mwisho wa safari hatoroki katikati, na fundi hapotezi jasho lake.

Kwa vifaa, vikundi vya likelemba vinaweza kusaidia. Wanagenzi watano wakichanga kidogo kila wiki, na kila zamu ikanunua kifaa badala ya kugawa pesa, kila mmoja atamaliza mafunzo akiwa na kifaa mkononi.

HABARI ZA VYETI

Katika nchi jirani, aliyejifunza kazi barabarani anaweza kupimwa na kupewa cheti. Tanzania ina VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Pamoja na kufundisha, hupima mafundi waliojifunza nje ya vyuo. Uganda pia ina upimaji wa namna hiyo. Kenya, katika kambi ya Kakuma iliyofunguliwa mwaka 1992, wamisionari wa Don Bosco wamefundisha wakimbizi uashi, useremala, umeme, ufundi magari na kuchomelea vyuma.

Hata kabla ya kupata cheti, weka daftari. Kila kazi uliyofanya iandike: tarehe, kazi gani, ya nani, na mwenye kazi atie sahihi. Fundi wako naye atie sahihi kila hatua unapoimaliza. Siku utakayosimama mbele ya mpimaji au mwajiri asiyekujua, daftari hilo litasema kwa niaba yako.

TAHADHARI

Mafunzo yanayotolewa na mashirika kambini ni bure. Mtu akikuomba pesa ili aandike jina lako, usitoe. Mtu yeyote, awe fundi, mwajiri, kiongozi wa mtaa au mfanyakazi wa shirika kama mimi, akimtaka binti au kijana kimwili ili ampe nafasi, hilo ni kosa kubwa. Mwambie mtu unayemwamini, kisha mfike ofisi ya ulinzi. Habari zako zitafichwa.

Tukumbuke pia kwamba Burundi imekubali miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Mtoto wa miaka 11 mahali pake ni shuleni, si gereji.

NENO LA MWISHO

Wazee wetu mafundi, tunawaomba kila mmoja achukue wanagenzi wawili mwaka huu, na mmoja wao asiwe wa ukoo wake. Msiogope kunyang'anywa wateja. Atakayekumbuka aliyemfundisha ni huyo huyo atakayekuletea kazi mikono yako ikichoka.

Wazazi, binti akisema anataka kujifunza umeme au uashi, msimcheke. Mwulizeni atajifunza kwa nani, saa ngapi, na kwa mapatano gani.

Na vijana wenzangu, tusingoje kuitwa. Nenda kwa fundi asubuhi kabla hajaanza kazi, msalimie, mwambie unataka kujifunza, na uwe na karatasi ya mapatano mkononi. Asiyejua kuandika aje kwetu wafanyakazi wa jamii. Tutakaa naye na fundi wake, tutaiandika pamoja.