Daktari bingwa wa mifupa (Tanzania)

Daktari bingwa wa mifupa ni daktari aliyesomea upasuaji na matibabu ya mifupa, viungo, misuli na kano. Nchini Tanzania hufikia ngazi hiyo baada ya shahada ya udaktari ya miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, kisha shahada ya uzamili. Njia nyingine ni mafunzo na mitihani ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999, chenye makao yake Arusha.

Kumfikia

Kwa mkazi wa kata ya Ringwani, mkoani Mara, swali la kwanza si bingwa yupi ni bora bali yuko wapi. Zahanati haina bingwa. Kazi yake ni kutuliza maumivu, kufunga kiungo kwa vibao kisitikisike, na kumtuma mgonjwa mbele. Hatua inayofuata ni hospitali ya wilaya huko Mugumu, halafu hospitali ya rufaa ya mkoa, Musoma. Kwa kanda ya Ziwa kuna Bugando, jijini Mwanza, na kileleni Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Barua ya rufaa isidharauliwe: mgonjwa anayeruka ngazi bila barua anaweza kunyimwa malipo na bima yake.

Si kila mvunjiko unahitaji safari hiyo. Mkono wa mtoto uliovunjika bila kupinda hupona kwa plasta ngumu, ile ambayo wengi huiita hogo. Mfupa wa paja wa mtu mzima ni jambo jingine. Zamani mgonjwa alilazwa kwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito. Siku hizi huwekewa chuma ndani ya mfupa, na akaanza kutembea kwa magongo mapema. Muhimbili hutumika misumari ya SIGN, iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji.

Yasiyosubiri

Mfupa uliotoboa ngozi ni dharura. Kidonda kinahitaji dawa za kuua bakteria ndani ya saa chache na kusafishwa katika chumba cha upasuaji. Kikicheleweshwa, usaha huingia kwenye mfupa na unaweza kukaa humo miaka. Hapa ndipo pagumu, kwa sababu mwunga mifupa wa kijijini yuko karibu, anajulikana, na hupokea malipo kidogo kidogo. Wengine wana mikono mizuri kwa mivunjiko midogo. Lakini vijiti vikikazwa mno damu haipiti. Vidole vikiwa baridi, vimekufa ganzi au vimebadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, vijiti vilegezwe mara moja na mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo. Kusubiri asubuhi kumewagharimu watu miguu.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda naye hucheleweshwa sana, ingawa kwa njia ya Ponseti hunyooshwa kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, mara nyingi bila upasuaji mkubwa.

Kumchagua

Neno "bingwa" kwenye kibao cha barabarani halitoshi. Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalosajili madaktari, na mgonjwa ana haki ya kuuliza kama daktari amesajiliwa na kwa fani ipi. Aulize pia: upasuaji huu umeufanya mara ngapi? Kuna njia isiyo ya kupasua? Chuma kitatolewa au kitabaki? Nani ataangalia kidonda nikirudi nyumbani? Swali hili la mwisho watu wa mbali hulisahau, na kwao ndilo zito kuliko yote, kwani kila kliniki ya marudio ni nauli. Bingwa anayekubali kuandika maelekezo ili eksirei na kidonda viangaliwe Mugumu au Musoma anafaa kuliko mwenye sifa nyingi anayemtaka mgonjwa Dar es Salaam kila mwezi. Asiye na uwezo wa kulipa aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kabla ya upasuaji na si baada ya bili.