Chuo Kidogo cha Ushonaji: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kufungua Mlango

Pwani ya Malindi na Kilifi si ngeni kwa nguo nzuri wala kwa kazi za mikono. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mmoja wa watu wake aliandika katika habari za safari kwamba mfalme wa mji alivaa joho la thamani lililopambwa kwa atlasi ya kijani. Katika karne ya 19 merikebu za Marekani zilileta kitambaa cha pamba kilichoenea nchi hizi hata kikaitwa marekani. Na hando, ile sketi yenye mikunjo mingi ya wanawake wa Kigiriama, ilishonwa kwa kitambaa cha namna hiyo. Kofia za viua, mikeka ya ukindu na vikapu vya miyaa ni kazi zilizopokewa mkono kwa mkono tangu zamani.

Lakini kujua kazi ni jambo moja, na kuifundisha kwa utaratibu ni jambo jingine. Wako mafundi wengi, wanawake kwa wanaume, watakao kukodi chumba kimoja, kuweka cherehani mbili tatu na kuwafundisha vijana. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo vyuo vya namna hii huweza kufungwa kabla ya mwaka kwisha, na hasara huwaangukia wanafunzi. Kwa hiyo yafaa kueleza mambo ambayo mtu hana budi kuyafikiri kwanza.

Njia yenyewe si mpya. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya idara ya serikali ya wakati ule iliyoshughulika na maendeleo ya jamii, na wanawake wakafundishwa katika vikundi vyao kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto. Katika miaka ya 1960 Baraza la Kikristo la Kenya lilichunguza habari za vijana waliomaliza shule ya msingi wasipate nafasi ya kuendelea, na baada ya taarifa yake ya mwaka 1966 vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kujengwa. Katiba ya mwaka 2010 imeviweka vyuo hivyo, pamoja na vituo vya mafunzo ya kazi za nyumbani, mikononi mwa serikali za kaunti. Basi afunguaye chumba chake Watamu, Gede au Matsangoni aingia katika njia iliyokwisha kukanyagwa na wengine.

La kwanza ni mahali. Chumba kiwe na madirisha ya kutosha, kwa maana macho ya mshonaji huchoka upesi gizani. Sakafu iwe ya saruji, na paa lisivuje wakati wa masika. Tena hewa ya bahari ina chumvi, nayo huleta kutu. Kila jioni cherehani ifutwe vumbi na kufunikwa, nayo itiwe mafuta mara kwa mara. Wasichana watokao mbali waweze kufika kwao kabla ya magharibi. Chuo kisichofikiri jambo hilo wazazi hawatakiamini.

La pili ni vyombo. Si lazima kuanza na cherehani za umeme. Cherehani ya miguu yatosha, wala haisimami umeme ukikatika. Ukinunua iliyokwisha kutumika, usitazame rangi yake. Zungusha gurudumu kwa mkono usikilize kama yakwaruza. Kisha shona kitambaa kilichokunjwa mara mbili, ukitazame juu na chini. Ikiwa uzi wafanya vitanzi upande wa chini, mara nyingi sababu ni kwamba uzi wa juu umelegea au haukupitishwa vizuri. Kosa hilo hurekebishwa. Lakini chuma kilichopasuka au meno yaliyolika ni gharama kubwa.

Cherehani tatu zaweza kuwatosha wanafunzi sita. Watatu wakiwa kwenye cherehani, watatu wengine huwa mezani wakipima, wakikata, wakipiga bandi, wakitia vifungo au wakidarizi. Baada ya saa moja hubadilishana. Kwa njia hii hapana akaaye bure, na kazi ya mkono haidharauliwi.

La tatu ni mpango wa masomo, ulioandikwa na kubandikwa ukutani. Siku za kwanza mwanafunzi aendeshe cherehani bila uzi, akifuata mistari iliyochorwa juu ya karatasi, mpaka mguu na mkono vipatane. Kisha aje kwenye pindo, foronya, mfuko, sketi ya mpira, sare ya shule, na mwisho gauni lenye mikono. Kupima na kukata kufundishwe kwa subira, maana kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi dukani. Leso nayo ina adabu zake: ina pindo, mji na jina. Fundi asiyetazama kabla ya kukata huenda akamvisha mteja jina lililopinduka, maneno yakasomwa miguu juu.

La nne ni hesabu, nayo ndiyo iwashindayo wengi. Tuchukue mfano. Wanafunzi sita wakilipa shilingi 1,500 kila mmoja kwa mwezi, mapato ni shilingi 9,000. Ikiwa kodi ya chumba ni 3,500, uzi, sindano na mafuta 1,200, na akiba ya kutengeneza cherehani 800, matumizi ni shilingi 5,500. Mwalimu abakiwa na 3,500. Lakini wanafunzi wawili wakishindwa kulipa mwezi huo, mapato yashuka hata 6,000, naye atakuwa amefanya kazi mwezi mzima kwa shilingi 500. Bei za kila mahali ni mbalimbali, lakini funzo ni lile lile: ada peke yake haitoshi kumlisha mwalimu. Waswahili walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kila shilingi iingiayo na itokayo iandikwe siku ile ile.

Hapa ndipo jaribu kubwa linapotokea. Mwalimu aliyepungukiwa hupokea kazi za wateja, na hilo si kosa. Kosa ni kumgeuza mwanafunzi kuwa kibarua asiyelipwa. Msichana aliyeonekana kuwa hodari wa mapindo hupewa mapindo asubuhi na jioni, kwa kuwa kazi ya wateja yaenda mbio. Miezi sita ikiisha arudi kwao, na mamaye aliyeuza mbuzi ili alipe ada amwambia, "Mwanangu, nishonee gauni." Naye hajui kulikata, kwa sababu mkasi hakupata kuushika. Fedha imekwisha, muda umekwisha, na jirani wakisikia hawatawapeleka watoto wao tena.

Dawa yake si ngumu. Asubuhi iwe ya masomo, alasiri iwe ya kazi za wateja. Mwanafunzi asipewe kazi ya mteja ila ile aliyokwisha kufundishwa, na akiisha kuifanya apate fungu lake, hata likiwa dogo. Mapatano hayo yaandikwe mwanzoni, pamoja na ada, muda wa masomo na mambo yatakayofundishwa, kisha mzazi na mwalimu watie sahihi. Mzazi asiyejua kusoma asomewe kwa lugha yake, Kigiriama au Kiswahili, mpaka aelewe.

La tano ni sheria. Jina la biashara liandikishwe, na leseni ya biashara ichukuliwe kwa serikali ya kaunti. Zaidi ya hayo, Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013 yataka mahali panapotoa mafunzo ya ufundi paandikishwe kwa mamlaka iliyowekwa kwa kazi hiyo, iitwayo TVETA. Basi atakaye kuitwa chuo aulize mapema yampasayo, asingoje kufungiwa mlango. Kwa upande wa mitihani, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, imekuwa ikiwapima mafundi kwa madaraja, kuanzia daraja la 3 mpaka la 1 lililo juu. Karatasi aliyoiandika mwalimu mwenyewe si sawa na cheti cha mtihani huo, na mwanafunzi aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza.

La mwisho ni soko. Nguo za mitumba huuzwa rahisi, na fundi ashindanaye nazo kwa bei ya shati la kawaida atachoka bure. Afadhali atafute palipo na haja: sare za shule kabla ya Januari, nguo za arusi na za Idi, na kupunguza au kurekebisha hiyo mitumba yenyewe imkae mnunuzi vizuri. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya kitambaa imepata nafasi. Wageni wa Watamu na Malindi nao hupenda vitu vilivyoshonwa kwa leso na vikapu vya miyaa. Mzee ajuaye kusuka na kushona ukili aalikwe chuoni siku moja kila juma. Ujuzi wake ni mali, naye asiitwe bure.

Akiisha kuyatimiza hayo, mwalimu asijipime kwa wingi wa watu waliojaa chumbani mwake. Awatazame waliotoka, miaka miwili baadaye. Akiwakuta wanakata nguo wenyewe, wana wateja wao na daftari zao, basi kazi aliyoianza kwa cherehani tatu imesimama.