Injini Ndogo: Kuitoa na Kuitengeneza Nyumbani

Katika vijiji vingi iko injini ndogo ya petroli iendeshayo pampu ya maji au kinu cha kusagia mahindi. Siku inapogoma, watu wote huona taabu, na wengi hukimbilia spana wakaifungua yote. Lakini yafaa kwanza kuiuliza injini maswali matatu.

Injini ya namna hii hufuata kanuni ya ile aliyoiunda Nikolaus Otto wa Ujerumani mwaka 1876. Pistoni huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, kisha huibana. Cheche huiwasha, na mwisho moshi hutolewa nje. Basi yataka vitu vitatu: petroli, cheche na mbano.

Je, petroli yafika? Petroli iliyokaa miezi mingi huharibika, ikaacha utomvu uzibao vitundu vya kabureta. Je, cheche ipo? Fungua plagi uitazame. Ikiwa imejaa masizi, isafishe. Je, mbano upo? Rudisha plagi, acha waya wake ukiwa umechomolewa, kisha zungusha injini polepole kwa mkono. Isipokaza mahali popote, huenda pete za pistoni zimelika, au vali hazifungi, au gasketi ya kichwa imepasuka. Hapo ndipo mara nyingi pana haja ya kuitoa injini na kuifungua.

Kabla ya kugusa nati hata moja, ngoja ipoe. Chomoa waya wa plagi uufunge mbali, maana injini iliyozungushwa kidogo tu yaweza kuwaka na kukata vidole. Mwaga petroli nje ya nyumba, katika chombo chenye kifuniko, mbali na taa, jiko na sigara. Mvuke wa petroli hauonekani, nao hutambaa chini mpaka ukutane na moto.

Sasa mwaga mafuta ya injini, ondoa mkanda, kisha fungua bolti za miguu. Ukikuta vipande vya bati chini ya miguu, vitunze, kwa kuwa ndivyo vinyoshavyo mkanda. Kila uondoacho kiweke juu ya kitambaa safi kwa mpango ulivyokiondoa, na uandike katika karatasi. Kilichotoka mwisho ndicho kitakachorudi kwanza.

Masizi juu ya pistoni yakwangue kwa kijiti, wala si kwa kisu, maana pistoni nyingi ni za aluminiamu, nayo ni laini. Pete huvunjika upesi; usizipanue kupita kiasi. Tia gasketi mpya. Bolti za kichwa zikaze kidogo kidogo kwa kupishana, huku na upande wa pili, kichwa kisije kikapinda.

Ukikuta silinda ina mikwaruzo mirefu, au fimbo ya pistoni inacheza, usiendelee. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vipimo.

Injini ikiisha kurudi mahali pake, tia mafuta mapya kabla ya kuiwasha. Injini iwashwayo bila mafuta huharibika kwa dakika chache, na kazi yako yote ikapotea pamoja na maji ya kijiji.