Fahamu: Kwa nini kinywe cha Mahenge hakifanani na almasi ya Mwadui

Magari ya umeme yameyapa madini ya kinywe ya Mahenge, mkoani Morogoro, umaarufu ambao zamani ulikuwa wa almasi ya Mwadui, Shinyanga. Yote mawili ni kaboni. Kinachoyatenga ni namna atomu zilivyoshikana. Katika almasi kila atomu imefungamana na nne nyingine pande zote, ndiyo maana inakata kioo. Katika kinywe hushikana na tatu tu, zikatandazika kama karatasi, na elektroni moja ya kila atomu hubaki huru kupitisha umeme.

Wapo watakaosema kinywe ni laini kwa sababu vifungo vyake ni dhaifu. Sivyo. Ndani ya karatasi moja, umbali kati ya atomu ni nanomita 0.142, mfupi kuliko 0.154 wa almasi, na kifungo hicho kifupi ni imara zaidi. Udhaifu uko kati ya karatasi na karatasi, zilizoachana nanomita 0.335. Hapo ndipo penseli inapopata alama yake, na hapo hapo ayoni za lithiamu hujipenyeza betri inapochajiwa, kisha zikatoka inapotumika. Almasi, pamoja na thamani yake yote, haina mlango huo.