HERC: proteini kubwa zenye kubandika alama



Wale wa biolojia-kemia wamekwisha kusoma kwamba seli inatengeneza proteini bila kupumzika. Lakini wachache wanauliza: zile zilizochakaa zinakwenda wapi? Zingebaki zote, seli ingejaa kama nyumba isiyofagiliwa. Basi seli iko na njia yake. Proteini yenye kupaswa kuondoka inabandikwa alama, na alama yenyewe ni proteini ndogo ya asidi amino 76, jina lake ubikwitini. Ikisha kupata mnyororo wa alama hizo, inaingia ndani ya proteasomu, mashine ya kukatakata, na vipande vinatumika tena. Kwa kuvumbua jambo hili Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Prix Nobel ya kemia mwaka 2004.

Enzimu tatu zinafuatana kwa kazi hii. E1 inaamsha ubikwitini, E2 inaibeba, E3, ndiyo ligazi, inachagua nani atabandikwa. Kuchagua njo kazi ngumu, na kwa sababu hiyo mwili wetu uko na E3 mamia. Leo tuseme jamaa moja tu: HERC.

Kwa binadamu ziko sita. Nne ni ndogo, HERC3 mpaka HERC6, kila moja asidi amino elfu moja na kidogo. Lakini HERC1 iko na 4861, na HERC2 iko na 4834! Proteini ya kawaida iko na mia chache tu. Mtu atauliza: ukubwa huu wote ni wa nini?

Tutazame umbo lake. Kwa mkia kabisa kuko sehemu inayoitwa HECT. Ile inapokea ubikwitini kutoka kwa E2, inaishika yenyewe kwanza kwa asidi amino moja, sisteini, halafu inaipitisha kwa proteini iliyochaguliwa. E3 za aina nyingine nyingi hazishiki kitu, zinasogeza tu E2 karibu. Sehemu ya pili inaitwa RLD, nayo imekunjwa kama elisi (kile chuma chenye kuzunguka nyuma ya mashua), yenye mabawa saba. HERC ndogo ziko na RLD moja, HERC1 mbili, HERC2 tatu. Elisi hizi hazizunguki hata kidogo, mtu asidhani hivyo. Ni mahali pa kushikana na proteini nyingine. Mkia ndio unabandika, lakini mwili mrefu ndio unakutanisha watu wa kazi.

Mfano ni HERC2. ADN ikikatika, kama vile kwa mionzi, HERC2 inafika pale pamoja na proteini RNF8 na kusaidia kukusanya mafundi wa kutengeneza. Jambo hili lilionyeshwa mwaka 2010. Tena kwa RLD yake ya pili inashikana na ligazi nyingine, UBE3A, na kuitia nguvu. UBE3A ikikosekana katika ubongo, mtoto anapata ugonjwa wa Angelman: kusema hakuji, mwendo unayumba.

Hapo sasa tuelewe habari ya mwaka 2012. Kwa jamaa za Waamishi na Wamenonite wa Marekani walionekana watoto wenye kuchelewa kutembea na kusema, karibu sawa na wale wa Angelman. Waganga walikuta asidi amino moja tu imegeuka ndani ya HERC2, ile ya 594: prolini imekuwa leusini. Moja kati ya 4834! Nayo haiko hata kwa mkia, iko ndani ya RLD ya kwanza. Lakini proteini inalegea, inapunguka sana ndani ya seli. Wazazi ni wazima, kwa kuwa kila mmoja ana nakala moja nzuri na moja mbovu; kwa kila mimba, bahati ya mtoto kupata mbovu zote mbili ni moja juu ya nne. Hakuna aliyelaaniwa pale, hakuna wa kushitakiwa. Na wandugu zetu Wamenonite wa Kasai wasiogope: jambo ni la damu ya wakoloni wachache waliotoka Ulaya zamani na kuoana wenyewe kwa wenyewe, si la jina la kanisa.

Ile ndogo HERC5 iko na kazi tofauti. Virusi vikiingia, inabandika alama nyingine, ISG15, yenye kufanana na ubikwitini, ili kuzuia virusi visizidi.

Jambo la mwisho linashangaza. Kwa Wazungu, rangi ya bluu ya macho inatoka hasa kwa herufi moja ya ADN iliyo ndani ya jeni ya HERC2, kwa kromozomu ya 15. Hata hivyo proteini HERC2 haitii macho rangi. Pale herufi ilipo ni kama kifungo cha taa cha jirani: kinawasha na kuzima jeni OCA2, ambayo ndiyo inasaidia kutengeneza rangi. Na ni OCA2 hiyo hiyo ambayo, ikiharibika kwa nakala zote mbili, inaleta ualbino wa aina inayoonekana zaidi huku Afrika.