Nyonga ya Chuma: Tuulize Kabla ya Kukubali Kisu

Katika misikiti yetu mingi, pembeni mwa safu, vipo viti. Wanaovikalia si wazee peke yao. Wamo na watu wa makamo ambao nyonga zimewakatalia kurukuu na kusujudu. Sharia imewapa wepesi wa kuswali wakiwa wamekaa. Lakini maumivu yanayomnyima mtu usingizi na riziki yanahitaji tiba, na ndipo familia husikia habari za nyonga ya chuma.

Nyonga ni kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja, kinachozunguka ndani ya tundu lake. Gegedu linapolika, mfupa husagana na mfupa. Tiba iliyozoeleka, aliyoistawisha John Charnley huko Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, ni kukikata kichwa hicho na kuweka cha bandia chenye shina linaloingia ndani ya mfupa wa paja.

Tiba nyingine hukiacha kichwa mahali pake. Hukichonga, hukivisha kofia ya madini ya kobalti na kromi, na tundu nalo hutiwa kikombe cha madini hayo hayo. Mfupa mwingi husalimika, na kofia ikiharibika, bado ipo nafasi ya kubadilisha nyonga nzima.

Wazo hili ni la zamani. Charnley mwenyewe alilijaribu miaka ya 1950 kwa plastiki aina ya Teflon, ikalika upesi. Daktari Derek McMinn wa Birmingham akalifufua mwaka 1991 kwa madini juu ya madini, na mwaka 1997 ikatoka nyonga iliyopewa jina la mji huo. Marekani iliiidhinisha mwaka 2006.

Kampuni nyingine zikafuata, na hapo ndipo pana mazingatio. Madini yanaposuguana hutoa chembe ndogo mno zinazoingia katika damu na kuweza kuua nyama iliyo karibu. Agosti 2010, kampuni ya DePuy iliziondoa sokoni nyonga zake za ASR, zilizokwisha kuwekwa kwa watu wapatao 93,000 duniani. Mwaka 2015, vipimo vidogo vya nyonga ya Birmingham navyo viliondolewa, na wanawake hawakushauriwa tena kuitumia, kwa kuwa mifupa yao kwa kawaida ni midogo na kofia ndogo zilionekana kushindwa zaidi.

Haina maana kwamba tiba hii ni batili. Kwa mwanamume ambaye hajazeeka, mwenye mfupa mpana na imara, imeleta matokeo mema. Mcheza tenisi Andy Murray alifanyiwa Januari 2019, na Oktoba mwaka huo huo akatwaa ubingwa mjini Antwerp. Lakini haimfai mwenye figo dhaifu, wala mwanamke anayetarajia kuzaa. Na mgonjwa wa selimundu ambaye kichwa cha mfupa kimekufa kwa sehemu kubwa, kofia haina pa kushika.

Basi, ndugu msomaji, mzazi wako akipangiwa upasuaji, muulize daktari: ni aina gani ya kiungo? Kimetumika miaka mingapi? Kwa nini kinamfaa yeye? Baadaye ataweza kusujudu na kuchuchumaa? Kuuliza si ujinga.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.